Mstari wa Njano

Ndugu msomaji, kama umewahi kupaka piko kichwani, basi unaijua siku ya kumi na nne. Siku ya kwanza unatoka kwa kinyozi unang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Siku ya saba bado unatamba mtaani. Siku ya kumi na nne unasogea kwenye kioo, unainamisha kichwa, na unaona kazi yote ile imeanza kukuumbua kutoka chini. Nywele zimeota, na hizo zilizoota hazina habari yoyote ya piko. Kwa mzee anayeficha mvi, mstari ule ni mweupe. Kwangu mimi ulikuwa wa njano, njano ya ndevu za muhindi mbichi, na kwa miaka mitano niliishi nikiuogopa.

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Naliandika mapema kwa sababu katika karatasi zote nilizowahi kuzichafua kwa wino, na si chache, sikuwahi kuliandika. Nimeandika hadithi fupi nane na nusu ya riwaya moja. Humo ndani wamo wavuvi, makondakta, mama ntilie, mpaka mzimu mmoja wa mtemi. Mimi simo.

Wataalamu wanakadiria kwamba Tanzania mtu 1 katika kila 1,400 huzaliwa hivi, na kiwango hicho ni kikubwa kuliko cha sehemu nyingi za dunia. Sababu yake haina uchawi hata chembe. Mwili hutengeneza kitu kiitwacho melanini, ambacho ndicho kinachoipa ngozi, nywele na macho rangi yake. Mtoto akirithi hitilafu ile kwa baba na kwa mama, wote wawili, mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Wazazi wangu hawakuambiwa hayo na mtu. Waliachana kabla sijaota meno, kila mmoja akimwapia mwenzake kwamba kitu kile katika ukoo wao hakipo. Kumbe kilitoka kwao wote wawili, nusu kwa nusu. Huenda ndicho kitu pekee walichowahi kuchangia sawasawa.

Nikalelewa na bibi, mzaa baba, katika kijiji kimoja kati ya Kigwa na Tura, mashariki ya Tabora. Aliyesoma historia atayatambua majina hayo. Ile ni njia ya zamani ya misafara. Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi kwa msafara uliotoka pwani na kuvuka Ugogo. Wapagazi waliotoka Bagamoyo na mizigo ya vitambaa na shanga walipofika Tura walijua wamekaribia kwao. Waliokwenda upande wa pili, kuelekea pwani, wengine walikuwa na pembe za ndovu mabegani na wengine minyororo shingoni. Bibi hakuwa na habari za vitabu, lakini alijua kwamba barabara ile imewahi kubeba watu ambao hawakurudi. Alikuwa akituita tuingie ndani kabla ya giza kwa sauti ya mtu anayelijua jambo hilo.

Huko kijijini niliitwa zeruzeru. Wengine walilisema bila ubaya, kama vile ungemwita mtu Mfupi. Kulikuwa na imani nyingine pia, ya zamani, kwamba zeruzeru hafi. Siku yake ikifika hupotea tu, kaburi lake halionekani. Watoto wenzangu waliniuliza nitapotea lini. Niliwajibu Ijumaa, ili waniache nicheze.

Halafu ikaja miaka ile. Kuanzia kama 2006 habari za mauaji ya watu wenye ualbino zilianza kusikika kutoka Mwanza, Shinyanga, Tabora na kwingineko. Waganga matapeli waliwadanganya watu kwamba viungo vyetu vinaleta utajiri, na wapo waliolipa. Umoja wa Mataifa ulikuja kuhesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini kati ya 2000 na 2015. Mtaani likazaliwa jina jipya la kutuitia, baya kuliko zeruzeru. Wakatuita "dili". Fikiria mtoto wa miaka minane anapita dukani kununua chumvi, na mtu mzima aliyeegemea baiskeli anamtazama na kusema, "Dili hilo linapita." Na wenzake wanacheka.

Mwishoni mwa Januari 2009 bibi alikuwa akisikiliza redio uani, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalia bungeni alipokuwa akizungumzia mauaji hayo. Bibi akaizima redio. Akasema, "Mkubwa akilia, mdogo afanye nini?" Usiku ule wazee wa sungusungu walikuja kukaa mlangoni kwetu na virungu vyao, wakakoka moto. Walikuja na usiku uliofuata.

Machi 2009, mwezi uleule serikali ilipowapa wananchi kura ya siri waandike majina ya watu wanaowashuku, bibi aliniita jikoni usiku. Alikuwa amekwangua masizi ya chungu na kuyachanganya na mafuta ya karanga. Akanipaka kichwani, akanipaka nyusi, uso, shingo na mikono mpaka viganjani. Bibi wa kwetu huwatania wajukuu wa kiume kwa kuwaita waume, basi akarudi nyuma hatua moja, akainua kibatari, akaniambia, "Mume wangu, leo umekuwa mweusi kuliko babu yako." Akajaribu kucheka. Tukatoka kwa mlango wa nyuma tukaenda stesheni. Treni ilipita usiku wa manane. Nililala mapajani mwake nimefunikwa kanga, na alfajiri akanikabidhi kwa shangazi Tabora mjini, mtaa wa Isevya. Kanga ile ilikuwa imechafuka masizi yote. Hakungoja hata chai.

Kijijini walipomuuliza mtoto yuko wapi, alisema hajui. Hata kwa majirani aliowaamini alisema hajui. Alisema ameamka asubuhi amekuta kitanda kitupu. Hilo nililijua baadaye sana, na utaona kwa nini nalitaja.

Basi, piko yangu ya kwanza ilikuwa masizi, na aliyenipaka alikuwa bibi. Naomba ulikumbuke hilo unaposoma yanayofuata, usije ukadhani nimekuja hapa kuwahubiria watu waache kupaka rangi.

Shuleni nywele hazikunisumbua sana. Sheria ilikuwa kunyoa, na vichwa vilivyonyolewa hufanana. Tatizo langu lilikuwa macho, maana ualbino huyadhoofisha macho pia. Nilikaa dawati la mbele na bado niliuona ubao kama mtu anayetazama mto kwenye ukungu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo yakaja ya kusukuma gari kwa mkono, sikuchaguliwa kuendelea. Nikawa kijana wa mjini asiye na ajira, mwenye madaftari ya hadithi chini ya godoro na nywele ambazo sasa ziliruhusiwa kuota. Nazo zikaota bwana, njano tupu! Nilipopita stendi ya mabasi makondakta waliacha kuita abiria wakaniita mimi. "Dili" bado lilikuwepo, miaka kumi baadaye, ingawa sasa walilisema kama mzaha.

Mwaka 2019 nikaingia kwa kinyozi mmoja maeneo ya Kanyenye kupunguza. Kijana wa rika langu, mcheshi ile mbaya. Akazishika nywele zangu kidogo kwa vidole viwili, akasema, "Mshikaji, kwani hujawahi kujaribu piko?"

"Piko si ya wazee?"

"Wazee ndio wateja wa uhakika. Lakini piko haiulizi umri."

Akakoroga ule unga na maji kwenye kikombe cha plastiki, akachukua mswaki mkuukuu, akanipaka kuanzia kisogoni kuja mbele. Nikakaa dakika ishirini na harufu ile kali puani. Akaniosha, akanifuta kwa taulo, akanigeuza kwenye kioo.

Nisiwe muongo, ndugu msomaji. Ilikuwa raha. Nilimwona kijana kwenye kioo, kijana tu, asiye na habari. Nilitoka pale nikapita stendi makusudi. Hakuna aliyegeuka. Nikarudi nikapita tena! Mara ya pili muuza karanga mmoja akaniita kwa mbali, "Mwarabu, njoo uungishe!" Nilicheka peke yangu mpaka Isevya. Tabora imekaliwa na Waarabu wafanyabiashara tangu katikati ya karne ya 19, na wajukuu zao bado wapo, wengine wana maduka. Katika mji wetu mtu mweupe mwenye nywele nyeusi ana maelezo yake. Mtu mweupe mwenye nywele za njano hana. Kuna siku mama mmoja alinisimamisha akaniuliza duka letu linafungwa saa ngapi. Nikamjibu saa mbili usiku.

Wenzangu wanaosema kujiamini kunatoka moyoni nawaheshimu. Kwangu mimi kulitoka kwenye kikombe cha plastiki. Nikiwa na piko nilitembea wima. Niliomba kazi katika steshenari moja ya kuchapa na kutoa nakala nikaipata, na niliongea na wateja bila kutazama chini. Maandishi niliyakuza kwenye kompyuta mpaka herufi zikawa kubwa kama vidole, na kazi ikaenda. Nisingethubutu kuomba kazi ile na nywele zangu za njano. Hilo ni kweli na sitalikana.

Lakini kila siku ya kumi na nne ilinikuta mikononi mwa mstari. Nywele za binadamu huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Ni kidogo, lakini nusu sentimita inatosha kabisa kumuumbua mtu. Nilianza kupanga maisha yangu kwa hesabu hiyo. Harusi ya binamu ikiangukia siku ya kumi na tatu, nilikuwa na udhuru. Kulikuwa na binti mmoja wa chuo aliyekuja mara kwa mara kuchapisha kazi zake, tukazoeana, tukawa tunakaa nje ya duka jioni tunakula mahindi ya kuchoma. Jioni moja alinitoa jani lililoniangukia kichwani, mkono wake ukasita.

"Hee, wewe nawe! Hizi ni mvi?"

Moyo ukaniruka. Nikamjibu, "Ndiyo. Mvi za ukoo."

Angalia jibu hilo. Ngozi yangu anaiona, macho yangu yanayochezacheza anayaona, yeye si kipofu. Alijua mimi ni nani tangu siku ya kwanza, na alikuja kukaa nami hata hivyo. Aliyehitaji uongo ule ni mimi. Nilikuwa na miaka 21, nikaona ni afadhali kuwa mzee kuliko kuwa mimi. Hakusema neno. Baadaye alihitimu akahama mji, na sikuwahi kumwambia ukweli aliokuwa anaujua.

Wakati huohuo nilikuwa naandika riwaya. Ilihusu pagazi wa Kinyamwezi anayesafiri kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Nilijisomea nilichoweza. Nilikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Nilisoma pia kitabu cha Richard Burton kwenye simu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Burton alifika hapa Novemba 1857, wakati huo akipaita Kazeh, baada ya siku 134 tangu aondoke pwani. Ni mtu aliyejaa dharau, utasoma ukikunja uso, lakini alikuwa na jicho. Aliandika kwamba Wanyamwezi waliziacha nywele zao zirefuke, wakazisokota vishungivishungi vikaning'inia hadi shingoni. Na kwa wenyeji wa Ugogo, wasafiri wa karne ile walikuta vijana wamesuka nywele na kuzipaka ngeu, ule udongo mwekundu, pamoja na mafuta.

Hapo niliacha kusoma, nikakaa. Mimi nilidhani mambo ya rangi kichwani ni ya saluni, yametujia na kontena. Kumbe njia yote hii, kutoka pwani mpaka kwetu, ilikuwa na wanaume waliohangaikia vichwa vyao kuliko mimi. Ila kulikuwa na tofauti moja, na ilinichoma. Wao walipaka ili waonekane. Mimi nilipaka nisionekane.

Sura tatu za kwanza nikampa mshikaji wangu mmoja azisome, naye ni mwandishi, tunabadilishana madaftari. Alikaa nazo wiki nzima. Aliporudi akaniambia, "Lugha iko bomba. Lakini huyu pagazi wako simwamini."

"Kwa nini?"

"Ametembea miezi mitatu juani, na hakuna ukurasa hata mmoja ambao ameliona jua. Wewe ndiye unayelijua jua kuliko sisi wote hapa. Umeliweka wapi?"

Nilikasirika, nikamwambia hajui fasihi. Usiku nikayasoma madaftari yangu upya. Alikuwa na haki. Mtu anayeishi kwa kupaka mafuta ya kukinga jua, anayejua kila mti wa kivuli kati ya Isevya na sokoni, alikuwa ameandika safari ya mamia ya maili kana kwamba imefanyika chumbani. Nilikuwa nimempaka piko hata pagazi wangu.

Hata hivyo sikuacha. Ungeniacha mimi peke yangu, mpaka leo ningekuwa na kikombe na mswaki. Kilichonikomesha ni ngozi. Juni 2024 nilipaka kama kawaida, usiku kichwa kikaanza kuwasha, asubuhi masikio yamevimba na malengelenge yamejaa kuanzia kwenye paji la uso. Dawa nyingi za kufanya nywele ziwe nyeusi zina kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Mwili unaweza kuivumilia mara mia na kuikataa mara ya mia na moja, na ukishaikataa, kila utakaporudia inaweza kuwa mbaya zaidi. Kama wewe ni mpakaji, jipake tone nyuma ya sikio na ungoje siku mbili kabla ya kupaka kichwa kizima, na hata hapo usidhani umeshinda. Zahanati walininyoa, wakanipa dawa, na wakaniambia piko basi, maisha.

Mwezi huohuo nchi nzima ilikuwa katika majonzi. Mtoto mdogo mwenye ualbino aliibwa nyumbani kwao Muleba, Kagera, na mwili wake ukapatikana wiki kadhaa baadaye. Sisi tuliokuwa tumeanza kusema mambo yale yalikwisha, tulinyamaza. Na mimi nililisikia hilo nikiwa na kichwa kitupu chenye vidonda, nikijua kinachokuja kuota.

Agosti, bibi akafariki.

Shangazi alipopokea simu alilia, akanyamaza, akanitazama. Nywele zangu zilikuwa na miezi miwili, fupi na za njano kabisa. "Wewe utabaki," akasema. "Baada ya yale ya Kagera, wewe huendi kule. Bibi yako mwenyewe angekukataza."

Nikamwambia, "Shangazi, bibi alinitoa kule ili niwe hai. Sasa ni hai. Nani atamzika?"

Alifikiri sana. Mwisho akasema tutakwenda wote, mchana, na tutarudi na mume wake kabla ya giza. Nilivaa mikono mirefu, nikajipaka Kilisun, yale mafuta yaliyoanza kutengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya watu kama mimi, nikavaa pama. Ndani ya basi mtoto mmoja alinikodolea macho njia nzima. Sikuwa na Uarabu wa kujificha. Nilitazama nje nikaona miembe, ile mikubwa ya zamani, na nikawaza ni wapagazi wangapi waliokula embe wakatupa kokwa wakaendelea na safari.

Tulifika asubuhi. "Mwangaluka," tukasalimia, nao wakaitikia, na macho yote yakaja kwangu yakakaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nadhani walidhani nimetoka kwenye shirika fulani.

Kaburini, katekista alipoanza sala, wanaume wakavua kofia. Nikabaki nimeishika pama yangu ukingoni. Lilikuwa jua la saa saba. Lakini si jua lililonizuia, na mimi ninajua hivyo. Kisha nikavua. Upepo ulipita kichwani. Nikainama nikachota udongo nikautupa, na niliponyanyuka nikaona kivuli kimenifunika. Mzee mmoja alikuwa amefungua mwavuli nyuma yangu. Nikamtazama karibu, kama ninavyowatazama watu wote, nikamtambua kwa kovu la shavuni. Alikuwa mmoja wa wale sungusungu waliokoka moto mlangoni kwetu. Hakusema chochote. Aliushika mwavuli ule mpaka sala ikaisha, yeye mwenyewe akiwa juani.

Tulipokuwa tunaondoka, mama mmoja mzee sana alinijia na mkongojo wake. Akanyoosha mkono akanigusa nywele, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akasema kwa Kinyamwezi, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wote wasikie:

"Kumbe hukupotea."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka 15 kijiji kizima kilikuwa na hadithi kamili juu yangu. Zeruzeru wa bibi fulani ameamka hayupo, kitanda kitupu, kama wahenga walivyosema. Bibi aliuacha uvumi ule uenee kwa sababu ulinilinda. Hakuna anayemtafuta mtu aliyepotea. Alibeba aibu na maswali, akafa nayo.

"Sikupotea, bibi," nikamjibu. "Nilikuwa Tabora."

Watu wakacheka, cheko lile la msibani, la kushusha pumzi. Lakini ndani ya basi nilijiuliza kama nilimwambia kweli. Tabora nilikuwepo, ndiyo. Ila yule aliyemwambia binti wa watu kwamba ana mvi za ukoo, aliyetaja saa ya kufunga duka lisilo lake, aliyejiondoa hata kwenye riwaya yake mwenyewe, huyo alikuwa wapi? Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na katika barabara ile neno mtumwa si la mchezo. Bibi alinipaka masizi ili niishi. Mimi nilijipaka piko mpaka nikapotea kwa mkono wangu mwenyewe, nikaikamilisha imani ambayo yeye aliitumia kama kinga.

Ndiyo maana siwezi kukwambia usipake. Mwenye mvi apake, dada mwenye nywele nyeusi azifanye nyekundu kama ngeu akitaka, na mwenzangu mwenye ualbino anayeona piko inampa pumzi ya kupita stendi, apite salama. Ukinikuta tena katika usiku kama ule wa Machi 2009, nitayakwangua masizi mimi mwenyewe. Kujificha si dhambi kama nje kuna anayekuwinda. Ninachosema ni kwamba siku moja jiulize, unapopaka, unamficha nani, na bado yupo?

Stendi bado wananiita. Wengine "Mzungu", wengine lile jina jingine. Siku nyingine najibu, siku nyingine nashusha pama nakwenda zangu. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini hakuna aliyesema nundu ni nyepesi. Kule kwa kinyozi yule mcheshi aliniuliza nimeamua nini, nikamwambia apunguze pembeni tu, juu aziache.

Riwaya nimeianza upya. Misafara ile ilikuwa ikiondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali, na sasa nina pagazi anayeijua sababu kuliko wenzake wote. Ana kofia ya ukindu aliyojisukia mwenyewe, na ni wa kwanza kuuona mti wa kivuli. Wakifika Ugogo vijana wenye ngeu kichwani watamzunguka wamtazame nywele zake, naye atawatazama za kwao. Nimefika hapo. Sijui bado watasemezana nini.